Asiyekunywa ndiye anayenywesha

Kila ikikaribia Nirjala Ekadashi, siku ya saumu kwetu Wahindu, jirani zangu huniuliza swali lile lile: "Hata maji?" Ndiyo, hata maji. Jua likichomoza hadi kesho yake asubuhi, hakuna tone linalopita kooni.

Ekadashi ni siku ya kumi na moja tangu mwezi kuandama, na tena ya kumi na moja baada ya mwezi mpevu. Kwa mwaka ni 24, au 26 ukiwepo mwezi wa nyongeza. Nyingi si ngumu. Tunaacha nafaka na kunde, lakini matunda, maziwa, viazi na karanga ruhusa. Na sabudana, zile punje nyeupe za wanga wa muhogo. (Muhogo wenyewe sisi Wagujarati wa huku Mombasa twauita mogo, neno tulilolipata hapa hapa, na waliohamia London wamekwenda nalo.)

Nirjala imefungwa na jina la Bhima, shujaa wa Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Wahindu. Ndugu zake walifunga kila Ekadashi, yeye njaa haikumpa nafasi. Mzee Vyasa, mwenye hekima, akamwambia: basi funga moja tu kwa mwaka, bila maji, upate thawabu za zote. Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia, kwenye hesabu ya thawabu, na mimi nasema tumeiacha nusu kubwa ya siku hii.

Itazameni inaangukia lini. Ni mwezi wa Jyeshtha katika kalenda yetu, yaani Mei au Juni, kule India, Varanasi na Delhi, joto likipita nyuzi 40. Siku hiyo hiyo ya kujinyima maji, watu hutoa mitungi, mapepeo ya mkono na matikiti, na barabarani wapita njia hunyweshwa sharubati. Neno letu la saumu, upavasa, maana yake ni kukaa karibu, karibu na Mungu. Sijui ukaribu gani tunaoupata tukijifungia ndani kuhesabu saa, au tukimlazimisha mzee mwenye kisukari akauke koo ili familia isifiwe. Huyo apewe maji, na saumu yake iwe sala.

Bibi yangu, tuliyemwita Ba, alifunga Nirjala huku Mombasa, Juni, kusi likivuma na mawingu juu. Hapakuwa na joto la Varanasi. Hata hivyo mtungi ulitoka asubuhi, ukawekwa kibarazani juu ya kigoda, kata ikining'inia pembeni. Ubaridi wa maji aliupima kwa kugusa mtungi na mgongo wa mkono. Nakumbuka msukuma mkokoteni aliyeona midomo yake imekauka, akamrudishia kata: "Mama, kunywa na wewe." Ba akatikisa kichwa, akaichovya tena, akamjazia ya pili.