Shutuma si matusi, wala si tuhuma

Msomaji wa Kiarabu akisikia redioni kwamba "wanaharakati wameishutumu serikali", huenda akakunja uso. Kwake shatama, kitenzi cha Kiarabu kilichotuzalia shutumu, ni kutukana. Katika hadithi ya Mtume iliyopokewa na Imamu Muslim, miongoni mwa madhambi makubwa imetajwa shatm ya mtu kwa wazazi wake, na wafasiri wetu huandika "kuwatukana". "Kuwashutumu" kungeipunguzia hadithi makali. Umbo lenyewe linataja kwao: yashtumu, yaani "anatukana", likaongezewa irabu kati ya sh na t, kama hukm ilivyotupa hukumu.

Hoja hiyo haipuuziki, maana kamusi za zamani nazo ziliipa shutumu maana ya kutukana. Lakini neno likishahamia kwetu, nyumba ya babu yake haituamulii kesi. Nadhani lilipoa kwa sababu kiti kilikuwa na mwenyewe: tulikuwa na tukana, neno la Kibantu, nalo halikubanduka. Mgeni akasogea pale palipo wazi, juu ya kulaumu na chini ya kutukana. Na pamemkaa vizuri. Karipia ni neno la mkubwa kwa mdogo, mwalimu kwa mwanafunzi. Kemea nalo hubeba sauti ya mwenye mamlaka, ndiyo maana hata pepo hukemewa. Shutumu haiulizi cheo: mnyonge anaweza kumshutumu waziri, ila akisema amemkaripia, watu watacheka.

Kwa hiyo wanaotaka turudi kwenye matusi siwaungi mkono. Walegevu wa upande wa pili nao wananikera zaidi, hasa wanapoandika "diwani ashutumiwa kuiba saruji" ilhali wanachokusudia ni tuhuma. Watasema lugha hukua, na wasikilizaji wanaelewa. Wanaelewa nini hasa? Tuhuma, ambayo kwa Kiarabu ina shina moja na wahm, dhana tu, bado inangoja ushahidi. Anayeshutumu amekwisha kuamini kosa limetendeka, ndiyo maana anafoka. Kwa herufi mbili tatu, diwani wa watu keshatiwa hatiani kabla polisi hawajafungua jalada.

Tanzania polisi humwita mtuhumiwa, Kenya mshukiwa, na akifika kizimbani ni mshtakiwa. Mshutumiwa sijapata kumsikia akiitwa na karani yeyote wa mahakama.