Msilinganishe nyasi zilizotelekezwa na kapeti jipya

Kila Novemba ikifika, futiboli ya vyuo vya Marekani (ile ya mpira wa umbo la yai, si soka) hutoa picha ileile: katikati ya uwanja pamegeuka tope, jamaa wa kilo 140 kaanguka chali, na watu chini ya picha wanadai nyasi bandia kwa kelele: "wekeni kapeti mmalize!" Haipiti muda kamati ya ujenzi inaleta jedwali lenye safu mbili. Nyasi halisi: saa 20 hivi za matumizi kwa wiki. Nyasi bandia: saa 60 na ushee. Basi, mjadala umekwisha, aitwe mkandarasi.

Jedwali lenyewe halidanganyi. Linakera kwa sababu limepelekwa kwenye uwanja usio wake. Uwanja mkuu wa chuo hupokea mechi sita au saba za nyumbani kwa mwaka. Narudia, kwa mwaka. Ongeza mechi ya maonyesho ya majira ya machipuko na mazoezi mepesi ya siku moja kabla ya mechi, bado hata wiki yenye pilikapilika kuliko zote haifiki saa 20 za mchezo. Hizo 60 mnazinunua za nini? Siku nyingi za mwaka milango imefungwa, taa zimezimwa, na kapeti lenu linaota jua.

Uwanja wa mazoezi, huo sawa. Timu inashinda pale kila siku, jioni kuna mashindano ya wanafunzi, kiangazi kuna kambi za vijana. Huko tandikeni kapeti, sibishani na mtu. Lakini hoja ya uwanja wa mazoezi isivalishwe koti ikapelekwa uwanja mkuu.

Kama si mechi, basi nini kinaua nyasi za uwanja mkuu? Muulize mtunza uwanja, ila hakikisha mkuu wa bendi hasikii. Bendi ya gwaride ya watu 300 ikifanyia mazoezi uwanjani ina miguu 600 inayokanyaga mistari ileile, hatua nane kwa kila yadi tano, jioni baada ya jioni. Mchezaji hunyofoa kipande cha nyasi, na lile shimo utalijaza mchanga na mbegu kesho yake. Bendi hainyofoi kitu. Inashindilia, na udongo ulioshindiliwa hauna kiraka. Yakija mahafali, viti elfu kadhaa vinapangwa juu ya mbao za plastiki, zinaachwa siku nne kwenye joto, na zikifunuliwa nyasi zina rangi ya karatasi kuukuu. Wa kulaumiwa? Nyasi, bila shaka.

Nyasi za uwanjani hufia chini, juu tunaletewa taarifa ya msiba tu. Chukua chombo cha kuchotea udongo, au hata kisu kirefu, nenda kati ya zile safu mbili za alama za katikati ambako mpira huanzia. Upana wake ni futi 40, kama mita 12 tu, na ndipo mieleka karibu yote ya safu ya mbele hufanyika. Kata kipande cha kina cha sentimita 15, kiweke mkononi. Kwenye uwanja mgonjwa utaona uti wa majani juu, kisha mkanda wa kahawia wa mfinyanzi wenye unene wa kidole, na chini yake mchanga mzuri, safi, ghali, ambao hauna hata mzizi mmoja. Ukikuta na utepe mweusi unaonuka yai viza, jua hapo hewa haipiti kabisa, maji yamesimama na bakteria wanageuza salfa kuwa gesi.

Huo mkanda wa kahawia umetoka wapi? Umenunuliwa. Uwanja ulijengwa vizuri: mabomba yenye matundu, kipenyo cha sentimita 10, yamelazwa kwenye mitaro kila baada ya mita tano hivi. Juu yake kokoto sentimita 10, juu ya kokoto sentimita 30 za mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, wenye kupitisha walau sentimita 15 za maji kwa saa. Mchanga wenyewe si wa kuzoa mtoni. Sehemu kubwa ya chembe zake inatakiwa iwe kati ya milimita 0.25 na 1, na zisiwe za mviringo na za saizi moja, la sivyo mchezaji akijisukuma uso mzima unateleza kama mahindi ghalani. Yote hayo yakafanyika, mamilioni yakatoka. Kisha mtu wa manunuzi akatafuta nyasi za kuviringishwa za bei nafuu, zikaja zimeoteshwa kwenye shamba la mfinyanzi. Sentimita mbili za mfinyanzi juu ya sentimita 30 za mchanga. Maji yanakwama kwenye mfinyanzi, mizizi inakaa mlemle yalimo maji, na lile zulia la kijani linakuwa limelala juu ya mchanga bila kushikana nao. Mechi ya tatu linakunjika.

Tiba inajulikana na wala si uchawi. Nyasi zinunuliwe zilizooteshwa kwenye mchanga unaofanana na wa uwanja, au zilizooshwa udongo. Kama unabandika katikati ya msimu na hakuna wiki tatu za kusubiri mizizi, agiza zilizokatwa nene, sentimita nne hadi tano, kwa mistari mipana, ili uzito wake wenyewe uzishike chini. Na kosa likishafanyika, unatoboa kwa mashine inayong'oa vidonge vya udongo, unavizoa uviondoe uwanjani, unajaza matundu mchanga, unarudia mara tatu au nne kwa mwaka hadi ule mkanda uvunjike. Ni kazi ya misimu miwili. Haipigwi picha, ndiyo maana haina mfadhili.

Mambo mengine ya nyasi ni nidhamu tu. Bamuda, nyasi ya joto ya kusini, ikatwe kwenye sentimita mbili na nusu hivi, bluegrass ya Kentucky, nyasi ya baridi ya kaskazini, iachwe juu kidogo, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mkato mmoja. Nitrojeni ya bamuda ni kama gramu tano kwa mita ya mraba kila mwezi inapokua, sio mara moja kwa kiburi kabla ya mechi ya kwanza ili runinga ipendeze: jani litanona, litakuwa laini, na mizizi itabaki mifupi. Bamuda hulala usingizi baridi ikiingia, hivyo vyuo vingi humwaga juu yake mbegu za raigrasi, nyasi isiyoogopa baridi. Siku hizi zipo aina zinazovumilia baridi zaidi, kama Tahoma 31 iliyozalishwa chuo cha Oklahoma State, na zimesogeza mpaka wa bamuda kwenda kaskazini.

Mtu ataniambia vyuo vikubwa vimejaribu nyasi na kushindwa. Vimejaribu kila kitu! Michigan walitandika nyasi bandia 1969, wakarudi kwenye halisi 1991, wakazikimbia tena 2003. Ohio State 1971, 1990, 2007, ngoma ileile. Arkansas ndio wametia fora: bandia 1969, halisi 1995, bandia 2009, halisi tena 2019. Notre Dame walishikilia nyasi halisi miaka yote hadi 2014. Ukiifuatilia orodha hii huoni nyasi ikishinda wala kushindwa, unaona uwanja ukibadilishwa nguo. Kwa upande wa sayansi, chuo cha Purdue walikuwa wanafyonza maji ya mvua kwa pampu zilizounganishwa na mabomba chini ya mchanga tangu 1975. Teknolojia ya kutunza nyasi ina umri wa kuwa babu.

Tuje kwenye kapeti, lile "lisilohitaji matunzo." Linakuja kwa marola yenye upana wa futi 15, yanashonwa au kugundishwa, kisha mchanga na chembe za raba za matairi vinamwagwa kwa awamu nyingi nyembamba huku brashi ikipita ili nyuzi zisimame. Vikimwagwa vikiwa na unyevu, au kwa pupa, nyuzi zinafukiwa zikiwa zimelala na haziamki tena. Baada ya hapo raba inahama. Inatoka katikati kwenye mieleka, inakwenda pembeni, kwenye viatu, kwenye mifereji ya mvua. Kina kikipungua, nyuzi zinakunjika na uso unakuwa mgumu. Ugumu unapimwa kwa kudondosha uzito wenye kipimo ndani yake, na kikomo kinachokubalika Marekani ni 200 kwa kipimo kiitwacho Gmax (namba ikiwa kubwa, uso ni mgumu). Kipimo kifanyike kila mwaka, sehemu mbalimbali za uwanja. Brashi ipite kila wiki moja au mbili. Raba iongezwe. Mishono ikaguliwe kabla ya kila mechi, maana mshono ulioachia sentimita chache ni mtego wa kifundo cha mguu. Halafu baada ya miaka minane hadi 12 unalikunja lote, unalipa mamia ya maelfu ya dola upya, na unatafuta jaa litakalokubali kulipokea. Umoja wa Ulaya umeshaamua: kuanzia Oktoba 2031 chembe hizo za plastiki na raba za kujazia viwanja haziuzwi tena huko.

Na joto. Jua la Septemba kusini linapandisha uso wa kapeti juu ya nyuzi 60 za Selsiasi bila shida. Watu humwagia maji, linapoa, na katika dakika 20 hivi limerudi kuchemka. Jani hai linajipoza lenyewe kwa kutoa maji, hata halijui kama linafanya kazi.

Magoti ndiyo yanayonifanya nisicheke. Utafiti uliochambua majeruhi ya futiboli ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kuanzia msimu wa 2004 hadi ule ulioishia 2014 ulikuta kwamba kwenye daraja la juu kano ya nyuma ya goti iliumia karibu mara tatu zaidi kwenye nyasi bandia, na kwenye madaraja ya chini kano ya mbele iliumia kwa kiwango cha mara 1.63 ya kile cha nyasi halisi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi yanaeleweka hata kwa mtu asiye daktari: meno ya njumu yakinasa kwenye nyasi, kipande cha nyasi kinang'oka na mguu unaachiwa. Kapeti haling'oki. Nguvu ile lazima iende mahali, na juu ya kiatu kuna kifundo, juu ya kifundo kuna goti. Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba uwanja wa nyasi ulioganda kama tofali nao unavunja watu, na kwamba si kila utafiti umekuta pengo kubwa hivyo. Wachezaji wakiulizwa, lakini, wengi wao hawasiti kuchagua nyasi halisi. Na FIFA ilipotaka nyasi halisi kwa Kombe la Dunia la 2026, ghafla ikawezekana: nusu ya viwanja 16 vya mashindano vilikuwa na kapeti. Kwa wageni zinapatikana. Kwa wenyeji, "haziwezekani kitaalamu."

Kuna mahali nanyamaza. Uwanja wenye paa hauna mwanga, na bila mwanga nyasi ni maua ya msibani. Nyasi bandia zenyewe zilipata umaarufu Houston 1966, ndani ya Astrodome, uwanja wa besiboli wenye paa, baada ya paa hilo la plastiki angavu kupakwa rangi ili wachezaji wa besiboli wauone mpira na nyasi zikafa. Chuo kidogo chenye mtunza uwanja mmoja anayefyeka pia bustani za utawala, nacho kiweke kapeti, na kisitukanwe. Boise State wana kapeti la bluu tangu 1986, hao hawajadili nyasi, wanajadili rangi.

Ila chuo chenye uwanja wa watu 80,000, kocha anayelipwa mamilioni na kitivo cha kilimo umbali wa kutembea kwa miguu, kikiniambia hakimudu nyasi, nitaomba nionyeshwe kipande cha udongo cha sentimita 15 kutoka katikati, ratiba ya kutoboa ya miaka mitatu, na jina la shamba zilikotoka nyasi. Pia ratiba ya bendi. Bendi iende ikafanye mazoezi kwenye maegesho ya magari, lami imeshashindiliwa tangu siku ya kwanza.