Cheti cha siku mbili na kikao cha saa tatu asubuhi

Saa tatu asubuhi, timu ya watu saba imesimama mbele ya ubao. Wanatengeneza programu ya kulipia ada za shule kwa simu. Kila mmoja anawaeleza wenzake alichofanya jana, atakachofanya leo na kinachomkwamisha. Mara mlango unafunguka, anaingia mkurugenzi, anasimama pembeni, mikono nyuma. Hajasema neno. Lakini kikao kimeshabadilika: kila anayezungumza sasa amemgeukia yeye, anatoa ripoti, na binti aliyekuwa karibu kukiri kwamba amekwama tangu juzi anasema kazi inaendelea vizuri.

Kiongozi wa timu afanye nini?

Hali hiyo nimeishuhudia mara nyingi, na ndiyo inayonirudisha kwenye mjadala ulio hai katika benki, kampuni za simu na mashirika yetu: viongozi wa timu zinazofanya kazi kwa mtindo wa ajaili wafunzwe darasani siku chache na kupewa cheti, au walelewe kazini, kwa vitendo, chini ya aliyewatangulia?

Kwa asiyeufahamu mtindo huo: Februari 2001 watengenezaji 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, Utah, nchini Marekani, wakaandika tamko fupi la kutanguliza watu na maelewano yao kuliko taratibu na zana, na kupokea mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Njia iliyoenea zaidi ndani ya mtindo huo ni skramu, ambayo Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliitambulisha mwaka 1995, kabla hata ya tamko lenyewe. Kazi hukatwa vipande vya mwezi mmoja au chini ya hapo. Kipande kikiisha, timu huonyesha ilichotengeneza, kisha hukaa kujitathmini. Kiongozi ninayemzungumzia, skramu masta, si bosi. Hapangi mshahara wala hagawi kazi. Mwongozo rasmi wa skramu, toleo la 2020, unamwita kiongozi wa kweli anayehudumia wengine.

Njia ya darasani ina sura inayojulikana. Cheti cha msingi cha Scrum Alliance, shirika linalotoa vyeti vya skramu, hupatikana baada ya kozi ambayo kwa kawaida ni ya siku mbili, kisha mtihani wa maswali 50 ya kuchagua. Ukipata 37 umefaulu. Scrum.org, taasisi ambayo Schwaber aliianzisha 2009 baada ya kuondoka Scrum Alliance, haikulazimishi kuhudhuria kozi: unajibu mtandaoni maswali 80 kwa dakika 60, na usipofikisha asilimia 85 umeanguka.

Mtihani huo unajua jibu la suala la mkurugenzi. Kikao cha kila asubuhi ni cha dakika 15, ni cha watengenezaji, asiyehusika asikivuruge. Weka alama, songa mbele. Haukuulizi utamwambiaje mtu mwenye umri wa baba yako, aliyekuajiri, mbele ya vijana wake, ili aondoke bila kuona kwamba amevunjiwa heshima. Hapa kwetu hilo ndilo swali lenyewe.

Nilimwona dada mmoja akilimaliza. Hakukatiza kikao. Alisogea taratibu hadi kwenye ubao, akagusa karatasi ya kazi iliyokuwa ikizungumzwa, na macho ya timu yakamfuata. Baada ya kikao alimsindikiza mkurugenzi hadi koridoni: "Mzee, ukiwepo vijana wanakuripotia wewe badala ya kusaidiana. Naomba nikuletee muhtasari ofisini saa nne, dakika tano tu." Mzee akakubali. Dada huyo alikuwa amekaa miezi kadhaa pembeni ya kiongozi aliyemzidi uzoefu. Alikuwa amemwona akijaribu jambo hilohilo kwa maneno makali na kushindwa, kisha akijaribu kwa upole na kufaulu.

Mwongozo wa skramu wenyewe unaipa nguvu hoja ya vitendo. Unasema wazi kwamba mfumo huu umeachwa makusudi bila kukamilika, na kwamba msingi wake ni ujuzi unaotokana na uzoefu na uamuzi unaotokana na kinachoonekana. Ni vigumu kufundisha fikra hiyo kwa slaidi katika ukumbi wa hoteli. Toyota, ambako sehemu kubwa ya fikra hizi ilichipuka, husimuliwa kwamba mhandisi Taiichi Ohno aliwachorea wasaidizi wake duara kwa chaki kwenye sakafu ya kiwanda na kuwaambia wasimame humo watazame kazi. Alirudi baada ya saa kadhaa kuuliza wameona nini, na jibu likiwa jepesi aliwaacha waendelee kusimama.

Wakufunzi wa darasani wana utetezi. Wengi hawasomi slaidi tu. Huwapa wanafunzi michezo, kwa mfano kupitishiana mipira kwa zamu na kuhesabu ni mingapi imefika, wabadilishe mpangilio, wajaribu tena. Nimeshiriki mchezo huo, na unafundisha kweli kwamba kasi haitokani na mtu kukimbia bali na jinsi kazi inavyopita mikononi mwa watu. Ila mpira hauna kinyongo cha mwaka jana wala hauna ndugu kwenye bodi.

Ningeweza kuishia hapo, kama kusingekuwa na hoja moja inayoninyima raha. Nani hupata mlezi?

Binti wa Mbeya au Kisumu aliyejifunza mwenyewe, asiye na shangazi katika kampuni yoyote, anaweza kulipia mtihani na kuufanya usiku kwa kompyuta ya kuazima. Mtihani haumuulizi jina la ukoo. Malezi ya kazini huanza kwa mtu kumchagua mtu, na tunajua uchaguzi huo hufanywaje palipo na mjuano. Anayelelewa ni yule ambaye bosi alishampenda. Tukifuta vyeti kwa jina la vitendo, tunaweza kumfungia mlango binti yule huku tukijisifu kwamba tumethamini ujuzi halisi. Anayevidharau vyeti mara nyingi ni mtu ambaye hakuvihitaji kuingia.

Tena kuna ubaya wa kurithi. Mwanagenzi hushika mkono wa fundi wake pamoja na ulemavu wake. Akilelewa na kiongozi aliyegeuza kikao cha asubuhi kuwa kuita majina, ataita majina, tena kwa kujiamini, kwa kuwa "ndivyo tunavyofanya hapa". Siku mbili za darasani angalau zingempa kipimo cha kumtilia shaka mlezi wake. Na timu anayojifunzia ina wateja: mzazi ambaye malipo ya ada hayakufika hajali kwamba kiongozi alikuwa mafunzoni.

Halafu lipo suala la fedha. Januari 2023 Capital One, benki ya Marekani, ilifuta nafasi zaidi ya 1,100 za wataalamu wa ajaili, ikieleza kwamba kazi yao itaingizwa katika majukumu ya wahandisi na wasimamizi wa bidhaa. Kwa nini basi mwajiri amlee mtu miezi sita kwa cheo kinachoweza kufutwa kwa tangazo moja? Naiona hoja hiyo, lakini inasahau kwamba cheo kikifutwa kazi haifi. Mhandisi aliyeongezewa jukumu la kuwafanya wenzake waseme ukweli asubuhi anahitaji malezi kuliko hata skramu masta wa zamani, maana yeye hakwenda hata kwenye zile siku mbili.

Msimamo wangu ni kwamba vitendo vibebe sehemu kubwa ya mafunzo, na cheti kitoke baada ya vitendo. Njia hiyo tunayo tayari. Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani: mtu wa gereji hupimwa akiwa na kifaa mkononi, na akionekana anaiweza kazi hupewa cheti. Daktari humaliza miaka mitano ya chuo na bado hutumikia mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Hata Scrum Alliance, kwa cheti chake cha ngazi ya pili, kwa muda mrefu imedai miezi 12 ya uzoefu kazini.

Ndani ya ofisi, mwanzo hauhitaji bajeti kubwa. Mwanagenzi aanze na kikao cha kujitathmini, maana kosa lake hapo halimfikii mteja. Kabla ya kikao aandike anachotarajia kitatokea. Mlezi akae nyuma, na hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote: anyamaze, hata anapoona kikao kinaelekea kubaya. Kisha wakae wawili, dakika 20, walinganishe kilichoandikwa na kilichotokea. Muda huo uwekwe kwenye ratiba ya mlezi kama kazi, la sivyo utaliwa na dharura ya kwanza. Na walezi wabadilishwe, kila miezi miwili au mitatu, mwanagenzi asirithi kasoro za mtu mmoja.

Kuhusu binti wa Mbeya, mabadiliko yaanzie kwenye tangazo la kazi. Cheti kiwe njia mojawapo ya kuitwa kwenye usaili, na barua inayoeleza timu aliyowahi kuiongoza, hata ya kanisani au ya chama cha akina mama, iwe njia nyingine. Wote walioitwa wapewe timu halisi na waendeshe kikao kimoja cha asubuhi. Katikati ya kikao hicho mkurugenzi aingie, asimame pembeni, asiseme neno.