Ulizeni Transfoma, Achaneni na Wati

Wati 12,000. Namba hiyo imebandikwa mbele ya sabufa zinazopangwa hadi barazani Kariakoo na Luthuli Avenue. Igeuze sabufa hiyohiyo nyuma, usome maandishi madogo karibu na waya wa umeme: mara nyingi ni wati 40, 50 au 60. Kitu kinachokula wati 50 hakiwezi kutoa 12,000. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha kwa volti 240 unapata wati 3,120, na hapo fyuzi imefika mwisho wake. Anayeandika namba ile anajua kwamba si kweli, na anayeumia ni mtu aliyedunduliza miezi kadhaa ili nyumba yake ipate muziki. Jambo hili linaniudhi sana.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba kibandiko kimeingia hata vichwani mwa wanaojiundia amplifaya wenyewe, watu ambao ndio hasa walipaswa kuepukana nacho. Swali lao la kwanza ni lilelile: IC (chipu ya amplifaya) gani inatoa wati nyingi? Wananunua bodi yenye IC ya TDA7294 iliyoandikwa wati 100, kisha wanatafuta transfoma (kifaa cha kushusha volti za ukutani) yoyote ya bei nafuu, mara nyingi 12-0-12, yaani volti 12 kila upande wa waya wa kati, wanafunga. Sauti ikifika nusu inaanza kukwaruza. Lawama inaangukia IC: ni feki. Feki zipo, tena nyingi, lakini hapa IC haina kosa. Imenyimwa chakula.

Tupige hesabu. Volti 12 za AC (umeme geu) zikipita kwenye bridji ya daiodi, inayozigeuza kuwa DC (umeme usiogeuka), na kapasita, zinazohifadhi umeme, hupanda mara 1.414, yaani 17. Daiodi zinakula kama 1, zinabaki 16. IC yenyewe haiwezi kufika ukingoni mwa volti zake. Toa 3 hivi, kilele cha sauti ni volti 13. Kupata wati, zidisha 13 kwa 13, gawa kwa mara mbili ya omu (kipimo cha ukinzani) za spika. Kwa spika ya omu 8 ni 169 gawa kwa 16: wati 10 na nusu. Bodi iliyoandikwa 100 inatoa 10, na haitatoa zaidi hata ukibadilisha IC mara saba.

Kwa TDA7294 na spika za omu 8, mimi nashikilia 22-0-22. Inakupa takriban ±30 (volti 30 chanya na 30 hasi) mzigo ukiwepo, na wati kama 45 za kweli kwa kila spika. Kwa omu 4, shuka hadi 18-0-18. Wengi wataona 22 ni ndogo na kukimbilia 25-0-25 au 28-0-28 kwa sababu karatasi ya maelezo ya IC inaruhusu ±40. Hapo ndipo IC zinapokufa usiku. Transfoma ya volti 25 hutoa 25 ikiwa na mzigo kamili. Isipobebeshwa kitu inaweza kupanda kwa asilimia 10, hadi 27.5. Iwapo imesukwa kwa 230 na umeme wa mtaani ukapanda hadi 250, jambo la kawaida watu wakishalala, unakaribia 30. Zidisha kwa 1.414, toa daiodi: ±41. Umevuka kikomo cha kufanyia kazi cha TDA7294. LM3886, IC nyingine ya amplifaya, inavumilia jumla ya volti 84 ikiwa inapiga, na wewe umeipa 82. Acheni nafasi.

Volti ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni nguvu ya transfoma kuzishikilia. Na hapa soko linatudanganya vibaya kuliko kwenye vibandiko vya sabufa. Transfoma inaandikwa “12-0-12 5A”, maana yake VA 120 (volti 24 mara ampea 5, kipimo cha nguvu ya transfoma), ilhali chuma chake ni kidogo kama kiganja cha mtoto. Msiamini maandishi, pimeni chuma. Kwa transfoma ya vibati vyenye umbo la herufi E na I, pima upana wa mguu wa kati kwa sentimita, zidisha kwa unene wa rundo la vibati. Gawa jibu kwa 1.2, kisha lizidishe kwa lenyewe. Mguu wa 3.2 na rundo la 4.5 ni 14.4, gawa kwa 1.2 ni 12. 12 kwa 12 ni VA 144. Hiyo ni transfoma. Mguu wa 2.2 na rundo la 2.5 ni 5.5, hesabu inaishia VA 21, na hakuna maandishi yatakayoifanya iwe 120. Ni kadirio la mafundi, ila halijawahi kugeuza 21 kuwa 120. Kwa stirio ya wati 40 kila upande tafuta VA 160 kwenda juu. Ukipata ya mviringo, ya VA 300 inakaribia kilo tatu, kwa hiyo mizani nayo inasema kweli.

Kwangua pia ncha ya waya uliosukwa, uondoe vanishi na uendelee kidogo. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Aluminiamu ina ukinzani wa mara 1.6 hivi kuliko shaba, kwa hiyo transfoma inapata moto na volti zinaanguka pale besi inapozihitaji.

Baada ya transfoma, kapasita. Bridji inazijaza mara 100 kwa sekunde. Katikati ya mijazo hiyo, amplifaya inaishi kwa akiba tu. Stirio ya wati 40 kwa 40 kwenye omu 8 inavuta kama ampea 2 kutoka kila upande wa umeme wake. Ukiweka mikrofaradi 2,200, kama bodi nyingi za bei rahisi zinavyokuja, volti zinaweza kuanguka karibu 9 kati ya mjazo na mjazo. Weka 10,000 kila upande, zinaanguka 2. Tofauti hiyo inasikika bila kifaa chochote: gitaa la besi la muziki wa dansi likibonyea, sauti ya mwimbaji inatetemeka nalo. Kapasita ziwe za volti 50 kwa umeme wa ±30 hadi ±36, si za 35. Na zipimwe kwa mita kabla ya kulehemu, kwa sababu zipo zenye kopo kubwa na kapasita ndogo ndani.

Mengine nitayataja kwa kifupi. Mgongo wa TDA7294 umeunganishwa na volti hasi, kwa hiyo bila mika (kizuia umeme chembamba) kati yake na hitisinki, chuma cha kupoza, unatengeneza shoti. Mngurumo mzito wa 50Hz unatokana na mzunguko wa graundi (waya wa rejeo ya volti sifuri ukiunganishwa kwa njia zaidi ya moja) au transfoma iliyo karibu na waya wa kuingizia sauti. Mkoromo mkali wa 100Hz ni graundi ya kapasita iliyochanganywa na graundi ya sauti, na dawa yake ni kuzikutanisha sehemu moja tu, baada ya kapasita. Amplifaya ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, usiichomeke ukutani. Na spika ya desibeli 90 (ukubwa wa sauti kwa wati moja) inahitaji robo tu ya wati zinazohitajiwa na ya desibeli 84 kufikia sauti ileile, kwa hiyo chagua spika kwanza.

Kuna wanaosema transfoma zimepitwa na wakati, tutumie bodi ya TPA3116, IC ya amplifaya isiyohitaji transfoma, na chaja ya laptop. Nakubali kwa shingo upande. Chaja halisi ya volti 19 na ampea 3.42 inatoa wati 65 zilizoandikwa kwa ukweli, na bodi ile inakupa kama wati 20 kila upande kwenye omu 8. Kwa chumba cha kulala inatosha, na kwa nyumba ya sola ni chaguo la busara. Lakini msiunganishe betri mbili za volti 12 mkidhani ni 24. Zikiwa zinachajiwa, kila moja inafika 14.4, jumla 28.8, na TPA3116 imepangiwa mwisho 26. Bodi nyingi zina kapasita za volti 25. Hizo ndizo zinazopasuka kwanza.

Amplifaya ikishakamilika, usiichomeke moja kwa moja, na spika zikae mbali. Unganisha balbu ya nyuzi ya wati 60 kwa mfululizo na waya wa umeme. Ya LED haifai. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia karibu kuzima, kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ikibaki inang'aa, zima, subiri kapasita ziishe umeme, kagua mika, mwelekeo wa daiodi na miguu ya kapasita. Ikififia, pima volti za DC kwenye vituo vya spika: chini ya milivolti 50 ni salama. Ondoa balbu, weka fyuzi ya kuchelewa ya ampea 1.6 kwa transfoma ya VA 160, pima tena, ndipo uunge spika.