Soga za filamu za kale kwenye mtandao usio na mwenyewe

Kila Jumapili saa tatu usiku, kwa saa za pwani ya mashariki ya Marekani, watu waliotawanyika kwenye seva nyingi za mtandao wa kijamii wa Mastodon hufungua filamu moja ya zamani, kila mtu kwenye kifaa chake, wakaanza kuitazama kwa pamoja. Huku Afrika Mashariki inakuwa Jumatatu, saa kumi au saa kumi na moja alfajiri kutegemea majira yao, wakati ambao mwenye akili timamu amelala. Hakuna anayewarushia picha. Kinachowaunganisha ni alama ya reli tu, #Monsterdon, na makubaliano ya kuianzisha filamu kwa wakati mmoja. Baada ya hapo ni maneno: huyu kaona zipu mgongoni mwa dubwana, yule kaona kivuli cha maikrofoni ukutani, wa tatu anauliza kwa nini mwanasayansi aliyefika sayari nyingine bado amefunga tai.

Ni mzaha, wala sina nia ya kuupandisha cheo. Lakini mzaha huu unapima vizuri dai la watetezi wa mitandao ya aina hii, kwamba watu huzungumza vizuri zaidi pale ambapo hakuna kampuni moja inayoyamiliki mazungumzo. Siasa haifai kuwa kipimo, kwa kuwa watu watagombana juu yake popote utakapowaweka. Soga ndiyo inayoonyesha kama baraza lina wenyeji au lina wapita njia tu.

Kwa asiyeujua, Mastodon ni programu huria iliyoanzishwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016. Yeyote anaweza kuendesha seva yake, na seva hizo hupashana ujumbe kwa itifaki iitwayo ActivityPub, iliyoidhinishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, Januari 2018, kwa namna inayofanana sana na barua pepe. Wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza baada ya Oktoba 2022, Elon Musk alipoinunua Twitter kwa dola bilioni 44 na baadhi ya watumiaji wakafungasha virago.

Hoja nzito kuliko zote upande wa utetezi ni mpangilio wa wakati. Mastodon huonyesha ujumbe wa unaowafuata kwa kufuata saa ulipoandikwa, bila algoriti ya kukuchagulia kitakachokuchoma zaidi. Jambo hili laonekana dogo mpaka ulilinganishe na mitandao mingine, ambako utani kuhusu dubwana la dakika ya kumi unaweza kukufikia kesho yake mchana, dubwana limeshakufa na kuzikwa, ukiwa umepandishwa juu kwa sababu tu umegombanisha watu. Kutazama pamoja kunawezekana pale maneno yanapofika yakiwa bado ya moto. Isitoshe, anayesema neno la kuchekesha pale hapati chochote zaidi ya kicheko, kwa hiyo hana sababu ya kupiga kelele.

Filamu zenyewe nazo zimesaidia. Night of the Living Dead ya mwaka 1968 ilijikuta ni mali ya umma tangu ilipotoka, kwa sababu jina lake lilipobadilishwa tamko la hakimiliki lilidondoka, na sheria ya Marekani ya wakati ule ililihitaji. Metropolis ya Fritz Lang, iliyotoka mwaka 1927, iliingia katika mali ya umma nchini humo tarehe 1 Januari 2023. Filamu isiyo na mwenyewe inazungumzwa mahali pasipo na mwenyewe, na kila mmoja ana nakala yake. Hapo pana adha, hata hivyo. Metropolis ilikatwakatwa mapema, vipande vikapotea kwa miongo mpaka nakala ndefu ilipojitokeza Buenos Aires mwaka 2008, na toleo lililorekebishwa la mwaka 2010 linalizidi lile la mwaka 1984, lililotiwa muziki wa pop, kwa zaidi ya saa nzima. Wawili wakianza pamoja na matoleo hayo, mmoja atacheka tukio ambalo kwenye nakala ya mwenzake halimo kabisa.

Mtandao wenyewe una ugonjwa huohuo, na hapa ndipo wakosoaji wanapopata nguvu. Seva haioni kila kinachoandikwa duniani. Inaona kilichoifikia, na mara nyingi kinaifikia kwa sababu mmoja wa watu wake anamfuata aliyeandika. Ukijisajili kwenye seva yenye watu ishirini, alama ya reli itakuonyesha kipande cha mkutano, nawe utadhani ukumbi ni mtupu kumbe umekaa nyuma ya nguzo. Majibu nayo hupotea njiani. Ukikosea mwaka wa filamu utasahihishwa na watu wanane kwa neno lilelile, si kwa ujeuri, bali kwa sababu kila mmoja wao hakuwaona wale saba. Matoleo ya karibuni ya programu yameanza kulishughulikia tatizo hili, lakini limewachosha wengi kiasi cha kuondoka.

Lawama inayonigusa zaidi ni ya adabu. Mastodon ina desturi ya kuuficha ujumbe nyuma ya onyo, ili msomaji aamue mwenyewe kuufungua au kuuacha. Kwa siri ya mwisho wa filamu, huo ni ustaarabu mtupu. Lakini mwishoni mwa mwaka 2022, watumiaji weusi waliohamia huko walilalamika hadharani kwamba walipoeleza ubaguzi waliokutana nao, waliombwa wayafiche maelezo hayo nyuma ya onyo. Chukua King Kong ya mwaka 1933. Unaweza kucheka sokwe wa manyoya na chuma usiku kucha, hakuna atakayekuuliza. Sema namna wenyeji wa kisiwa walivyochorwa kama washenzi wa kumtolea sokwe kafara, na huenda ukaombwa uweke pazia. Utulivu wa baraza, basi, sehemu yake imelipiwa na walioambiwa wapunguze sauti, na watetezi hawapendi kulikubali hilo.

Kuna pia suala la msimamizi, ambaye mara nyingi ni mtu mmoja anayelipia seva kwa michango na fedha yake. Uhuru wake una faida: Gab, mtandao wa kijamii unaopendwa na watu wa siasa kali za mrengo wa kulia, ilipohamia kwenye programu ya Mastodon mwaka 2019, seva nyingi ziliamua zenyewe kukata mawasiliano nayo, bila kusubiri makao makuu ambayo hayapo. Lakini msimamizi huyo anaweza kusoma ujumbe wa faragha, maana haujafichwa kwa msimbo kutoka kwako hadi kwa mpokeaji, na akichoka anafunga. Wakati mwingine hafungi yeye. Seva ya queer.af, iliyotumia kikoa cha Afghanistan (yaani anwani inayoishia na .af), ilipoteza anwani yake Februari 2024 baada ya mamlaka za Taliban kuisitisha.

Kwa hiyo simshauri mtu ahamishie huko mambo yanayopaswa kumfikia jirani. Tanzania ilipoifungia X, Twitter ya zamani, Mei 2025, walionizunguka hawakukimbilia Mastodon. Waliwasha VPN au wakabaki kwenye makundi ya WhatsApp walikokuwa tayari, na sioni kosa lao. Soga ni habari nyingine. Haihitaji kuenea, haihitaji umati, na hata kupotea kwake hakumuumizi mtu. Ukihama seva, wafuasi wako huhama nawe lakini uliyoyaandika hubaki ulikotoka, na wengine huweka akaunti zao zijifutie ujumbe wenyewe baada ya wiki kadhaa. Kwa mwandishi wa habari hiyo ni hasara kubwa. Kwa watu wa saa kumi alfajiri sijaona bado aliyerudi kutafuta alichosema kuhusu zipu ya wiki iliyopita. Wanauliza filamu ya Jumapili ijayo ni ipi, na nakala nzuri inapatikana wapi.