Tunajenga juu ya shamba letu

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Mwaka 2012 walikuwa 1,303,569. Ongezeko la asilimia 3.7 kwa mwaka likiendelea hivi, tutakuwa maradufu kabla ya miaka 20, na visiwa havitakuwa vimetanuka hata shubiri.

Ukilitaja jambo hili barazani unajibiwa kuwa mtoto huja na riziki yake. Sibishani na hilo. Mimi naulizia kiwanja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wakulima waligaiwa eka tatu tatu. Chukua mzee aliyepata zake, akajaaliwa watoto sita, na kila mmoja wao naye akapata sita. Wajukuu 36 hao, na kwa wastani fungu la kila mmoja ni kama mita za mraba 340. Hapo halimwi shamba. Mtu atajenga, au atamuuzia anayetaka kujenga.

Na tunajenga pabaya. Unguja ardhi yenye rutuba iko zaidi magharibi na katikati. Mashariki na kusini sehemu kubwa ni uwanda wa mawe. Mji unatambaa kuelekea huko huko kwenye rutuba. Mkoa wa Mjini Magharibi, uliokuwa na watu 593,678 mwaka 2012, ulifika 893,169 katika sensa iliyofuata. Minazi na miembe inaangushwa, inasimama nyumba ya chini yenye ua mpana na ukuta, halafu tunalalamika mchele wa kutoka nje umepanda bei. Kila mwenye uwezo anachimba kisima chake, jirani yake ana shimo la choo. Skuli watoto wanaingia kwa mikondo, asubuhi na jioni.

Mwanamke anayetaka kupumzika kuzaa apate huduma ya uzazi wa mpango bila kusimangwa, hilo kwangu halina mjadala. Lakini siwezi kuwatupia kina mama lawama zote. Hata uzazi ukipungua leo, watoto waliokwisha kuzaliwa watataka pa kuishi. Watu huzicheka ghorofa za Michenzani, hapa mjini Unguja, zilizoanza kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Uzuri wa sura hazina, nakubali, ila zimebeba familia nyingi kwenye ardhi kidogo. Serikali ipige marufuku ujenzi kwenye mabonde ya mpunga na ijenge kwenda juu. Na wakubwa wanaogawa viwanja watangulie wao kuhamia ghorofani.