Dola ndani ya kadi: Estonia na gharama ya kuondoa foleni

Raia wa Estonia ana kadi ya utambulisho yenye chipu, na namba mbili za siri. Ya kwanza ina tarakimu nne, nayo ni ya kujitambulisha tu: mimi ndiye. Ya pili ina tarakimu tano, na hiyo ndiyo nzito, kwa sababu ukishaibonyeza umetia saini, na saini hiyo mbele ya sheria ina nguvu ileile ya wino. Kwa kadi hiyo mtu anafungua kampuni, anawasilisha hesabu za kodi, anasoma majibu ya vipimo vyake vya hospitali, na anapiga kura akiwa sebuleni kwake. Aliyewahi kushinda kwenye benchi la ofisi ya serikali, bahasha ya vivuli vya vyeti mapajani, akiambiwa faili linatafutwa na arudi kesho, hahitaji kuelezwa uzuri wa jambo hili.

Nami sitaki kuupunguza uzuri huo. Ila Estonia inasifiwa kila mahali kama nchi iliyomaliza kazi, na sifa za namna hiyo huficha mambo mawili: kilichoufanya mfumo uaminike, na mahali ambapo kitu hichohicho hakipo.

Nchi yenyewe ni ndogo, ina watu wapatao milioni 1.3. Iliporejesha uhuru wake kutoka Umoja wa Kisovieti mwaka 1991 haikuwa na fedha, wala haikuwa na mitambo ya zamani ya kompyuta ya kuikokota. Wengi hutaja mpango wa Tiigrihüpe, yaani Mruko wa Chui Milia, uliotangazwa mwaka 1996 ili kupeleka kompyuta na intaneti mashuleni. Ulisaidia, lakini mimi naona mambo mengine mawili yalikuwa na uzito zaidi, ingawa hayasimuliwi sana. Kwanza, mwaka 1994 Estonia ilianzisha kodi ya mapato ya kiwango kimoja, asilimia 26 kwa wote. Sheria ikiwa nyepesi, fomu nayo inakuwa nyepesi, na fomu nyepesi ndiyo inayoingia mtandaoni bila kumtoa mtu jasho. Pili, mabenki yalitangulia. Serikali ilipoanza kupokea hesabu za kodi mtandaoni mwaka 2000, watu walikuwa wameshazoea huduma za benki kwa intaneti, na waliingia kwa namba zilezile walizopewa na benki zao.

Kisha ikaja kadi. Sheria ya saini za kidijitali ilipitishwa mwaka 2000, na kadi za kwanza zikatolewa Januari 2002. Jirani yao Finland ilikuwa imeanza mapema zaidi, mwaka 1999, lakini kadi yake ilikuwa ya hiari na wachache tu waliichukua. Estonia iliifanya ya lazima. Hapo mtu anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza: ni sawa dola kumlazimisha kila mtu kubeba ufunguo wa namna moja? Jibu la Waestonia lilikuwa kwamba bila lazima hiyo hakuna ofisi ambayo ingejisumbua kuandaa huduma kwa ajili ya kadi, na bila huduma hakuna ambaye angeitaka kadi. Hoja hiyo naikubali, lakini deni lake lilikuja kudaiwa baadaye, kama nitakavyoonyesha.

Sehemu ninayoiheshimu kuliko zote ni X-tee, mfumo ulioanza kazi mwaka 2001. Watu wengi hudhani Estonia ina kanzidata moja kubwa yenye kila kitu kuhusu kila mtu. Sivyo. Kila taasisi inakaa na taarifa zake: polisi na zao, hospitali na zao, mamlaka ya kodi na zake. X-tee ni njia inayopita kati yao. Swali linakwenda likiwa limefungwa na kutiwa saini, jibu linarudi vivyo hivyo, na safari nzima inaandikwa kwamba ilifanyika. Juu ya njia hiyo kuna sheria inayokataza taasisi kumwomba mwananchi taarifa ambayo dola tayari inayo. Mtoto anapozaliwa, taarifa inatoka hospitali hadi kwenye daftari la wakazi, mtoto anapata namba yake ya tarakimu 11, na tangu 2019 mfumo wenyewe humtumia mzazi pendekezo la posho za familia anazostahili. Mzazi anathibitisha, basi. Hapigwi danadana na cheti cha kuzaliwa mkononi, kutoka dirisha hili hadi lile.

Lakini taarifa zikitembea kirahisi hivyo, nani atamzuia askari kumchungulia mkewe, au muuguzi kusoma faili la jirani? Hapa ndipo ilipo siri ya imani ya Waestonia. Raia anaweza kuingia kwenye tovuti ya serikali, eesti.ee, akaona ni ofisi gani iliyotazama taarifa zake na lini. Kwenye mfumo wa afya anaona pia ni mtumishi gani aliyefungua faili lake. Asiporidhika, anauliza sababu, na mtumishi aliyechungulia bila kazi ya kufanya anaweza kuadhibiwa. Faili la karatasi halina uwezo huo. Karani anaweza kulibeba nyumbani, kulisoma usiku kucha na kulirudisha asubuhi, na mwenye faili asijue hata siku moja. Kwa hiyo wanaosema kompyuta inaua faragha waangalie hapa kwa makini: kwa upande huu, Mwestonia analindwa kuliko mtu ambaye mambo yake yote yako kabatini.

Sasa upande wa pili.

Mwishoni mwa Agosti 2017 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Masaryk cha Brno, Jamhuri ya Cheki, waliifikishia Estonia habari mbaya. Chipu zilizotengenezwa na kampuni ya Infineon ya Ujerumani zilikuwa na kasoro katika namna ya kuzalisha funguo. Mwenye kompyuta zenye nguvu na fedha za kutosha angeweza, kwa kutumia ufunguo wa wazi wa kadi, ule ambao yeyote anaweza kuuona, kuukokotoa ule wa siri, yaani angeweza kutia saini kwa jina la mtu mwingine. Kadi zilizoguswa zilikuwa kama 750,000, katika nchi ya watu milioni 1.3.

Fikiria uamuzi uliomkabili waziri mkuu wa wakati huo, Jüri Ratas. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Oktoba, na kura za mtandaoni zingepigwa kwa kadi hizohizo. Serikali iliwatangazia wananchi ukweli Septemba, na kwa hilo nawapa heshima kubwa, kwa sababu ofisi nyingi duniani zingenyamaza. Kura za mtandaoni hazikufutwa, na karibu theluthi moja ya wapiga kura walizitumia. Usiku wa kuamkia Novemba 4, vyeti vya kidijitali vya kadi zenye kasoro vikasimamishwa, na kila mwenye nayo akatakiwa kuisasisha. Mfumo wa kusasisha ulielemewa, kipaumbele kikapewa madaktari na wengine wanaoitegemea kadi kazini, na mbele ya ofisi za polisi na walinzi wa mipaka zikajipanga foleni. Foleni, katika nchi iliyokuwa imezisahau.

Hilo ndilo deni la ile lazima. Watu wote wakiwa na ufunguo wa aina moja, kosa la kiwanda kimoja linakuwa kosa la taifa zima kwa siku moja. Kilichowaokoa ni kwamba kulikuwa na ufunguo wa pili, ule wa laini ya simu ulioanza mwaka 2007, ambao haukuwa na kasoro hiyo. Na kulikuwa bado na ofisi, na mtu nyuma ya dirisha.

Nayasema haya nikijua pia kwamba Waestonia si watu wa kulala. Katika mashambulizi ya mtandaoni ya Aprili na Mei 2007, yaliyofuata mgogoro na Urusi kuhusu kuhamishwa kwa sanamu ya askari wa Kisovieti jijini Tallinn, mabenki, magazeti na tovuti za serikali zilielemewa, nao wakajifunza. Mwaka 2017 walitia saini makubaliano na Luxembourg ili nakala za kanzidata zao muhimu zihifadhiwe huko, kwenye seva zenye kinga kama ya ubalozi. Taifa lililomezwa na jirani mwaka 1940 lina sababu ya kutaka daftari lake la wakazi na hati zake za ardhi ziendelee kuishi hata kama ardhi yenyewe imekaliwa. Anayeona huo ni wasiwasi wa kupita kiasi aitazame ramani.

Panaponitatiza mimi ni kura ya mtandaoni. Ilianza mwaka 2005 katika uchaguzi wa mitaa, na waliojaribu walikuwa wapiga kura wawili hivi katika kila mia. Katika uchaguzi wa bunge wa Machi 2023, kura za mtandaoni zilivuka nusu ya kura zote. Usiku ule chama cha EKRE, cha wahafidhina wa mrengo wa kulia, kilikuwa mbele kwa kura za karatasi zilizokwisha kuhesabiwa, kisha za mtandaoni zikaingia na chama cha Reform cha Kaja Kallas, waziri mkuu wa wakati huo, kikapaa. EKRE walilalamika hadi Mahakama ya Juu, na mahakama ikayakataa malalamiko.

Mimi naamini matokeo yale yalikuwa halali. Wapiga kura wa vyama hivyo viwili hawana tabia moja, na tofauti ile ina maelezo yake. Lakini uchaguzi hauendeshwi ili aridhike aliyeshinda. Kura za karatasi zikihesabiwa, wakala wa mgombea, hata kama ameishia darasa la saba, anasimama mezani na kuona kwa macho yake. Za mtandaoni zinahitaji mtaalamu. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilizibatilisha mashine za kupigia kura zilizotumika nchini humo, Machi 2009, kwa hoja hiyohiyo: raia wa kawaida lazima aweze kufuatilia hatua kuu za uchaguzi bila kuwa na elimu ya kitaalamu. Mwaka 2014 nao watafiti wakiongozwa na J. Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Michigan, baada ya kuuchunguza mfumo wa Estonia, walishauri usimamishwe. Wenye mfumo walikataa.

Watetezi husema: mbona kodi mnaiamini na kura hamuiamini? Ni kwa sababu kodi ina jina langu. Kiasi kikiandikwa vibaya nitakiona, nitalalamika, na nyayo za aliyekibadilisha zitapatikana. Kura inatakiwa kutengana na jina la mwenyewe moja kwa moja. Yaani kile kinachoufanya mfumo mzima wa Estonia uaminike, nyayo za kila aliyepita, ndicho kinachokatazwa kwenye sanduku la kura. Tangu 2013 mpiga kura anaweza kuthibitisha kwa simu kwamba kura yake imefika kama alivyoichagua. Ni hatua nzuri, lakini inamhakikishia yake tu, kwa dakika chache. Hesabu ya zote bado ni suala la kuwaamini wataalamu.

Na mtu akilazimishwa kupiga kura nyumbani, na mume au na bosi? Kwa hilo Waestonia wamemruhusu apige tena mtandaoni kadiri atakavyo, na ya mwisho ndiyo ihesabiwe. Tangu 2021 anaweza pia kwenda kituoni Jumapili yenyewe ya uchaguzi, akachukua karatasi na kalamu, akaingia peke yake nyuma ya pazia, na kura yake ya mtandaoni ikafutwa.